Tupeane uzoefu: Nani anajaza ukumbi kwenye midahalo ya wagombea?

Kamwene, mugonile, wana Nyanda za Juu Kusini.

Uchaguzi wa 2015 nilitazama mdahalo wa wagombea ubunge kwenye runinga nikiwa nyumbani, Soweto hapa Mbeya. Mgombea mmoja akisema "nitaleta maji," ukumbi unalipuka. Mwenzake akaeleza chanzo kipi kitatumika, bomba lipite wapi na nani atalilipia. Kimya, kisha miguno. Mama mkwe wangu akatikisa kichwa: "Huyu wa pili watu hawamtaki." Yale maelezo ya bomba yalimpita kabisa, alichokishika ni kelele za ukumbi. Nami zile sura za viti vya mbele nilikuwa nazifahamu. Ni watu wa ofisi moja ya chama, siku hiyo walikuja bila fulana wala kofia.

Mtangazaji hakusema hata mara moja wale watu walipatikanaje. Hilo linaniuma hadi leo, maana mtazamaji anaaminishwa kwamba anawaona wananchi wa jimbo lake. Kama uliwahi kuingia, kubeba watu, kurusha matangazo au kurudishwa mlangoni, tuambie. Chama na kituo usivitaje, tuangalie utaratibu.

Mdau, Kihesa, Iringa

Mkuu, mimi nilirudishwa mlangoni. Nilikuwa mwanachuo, mdahalo unafanyika kwenye ukumbi wetu wenyewe. Kadi zilipitia kwa viongozi, zikaishia hukohuko. Tulipanga foleni tangu saa nane mchana tukaambiwa pamejaa. Saa kumi ikaja Costa, wakashuka watu wazima ambao hakuna anayewajua pale chuoni, wakapitishwa mlango wa nyuma.

Rafiki yangu aliyefanikiwa kuingia alikaa jirani na kijana aliyepewa maiki. Kijana akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechapwa kwa kompyuta, akasoma: "Mheshimiwa, tueleze mafanikio uliyowaletea vijana." Muulizaji aliyefuata naye akatoa karatasi ya ukubwa uleule, mwandiko wa mashine uleule. Wanafunzi walionyoosha mikono nyuma waliachwa hivyohivyo mpaka muda ukaisha. Swali letu lilikuwa mkopo wa elimu ya juu. Halikuulizwa.

Dereva, Makambako

Mimi ndiye wa Costa, ingawa si hiyo ya Iringa. Nimekodiwa na pande zote mbili kwa nyakati tofauti. Mwenye safari anakuwa na orodha, unapanda unatiwa tiki, nauli na chakula juu yake. Ndani ya gari kuna mtu wa kuelekeza: nikisimama mimi, pigeni makofi. Abiria wengi wanaona ni matembezi tu.

Fundi sauti, Mbeya

Nimekaa kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ya matangazo ya moja kwa moja miaka mingi, ngoja niseme upande ambao hauonekani.

Makofi unayosikia nyumbani hayaji yenyewe. Kuna maiki za ukumbi, zinaning'inizwa juu ya wasikilizaji, na kila moja ina kitufe chake cha kuteleza mezani kwangu. Nikikipandisha, watu hamsini wanavuma kama Uwanja wa Sokoine siku Mbeya City inacheza na Prisons. Nikikishusha, ukumbi uliofurika unasikika kama umelala. Kuna mdahalo mmoja maiki zilifungwa upande wa kulia peke yake kwa sababu waya haukufika kushoto. Upande wa kulia ndiko walikokaa wafuasi wa chama kimoja. Hakuna aliyepanga hila, lakini waliokuwa nyumbani wote walisikia furaha ya upande mmoja kwa muda wote wa mdahalo. Na kamera ni hivyohivyo: hoja inatolewa, picha inamrukia mtu anayepiga miayo.

Msidhani ni jambo dogo. Mwaka 1984 Ronald Reagan, rais wa Marekani aliyekuwa akigombea tena, mzee wa miaka 73, aliulizwa kwenye mdahalo kuhusu umri wake. Akajibu kwamba hatatumia ujana wa mpinzani wake na uchache wa uzoefu wake kujinufaisha kisiasa. Ukumbi ukaangua kicheko, hata mpinzani mwenyewe, Walter Mondale, akacheka. Miaka mingi baadaye wanasaikolojia wakawaonyesha watu mdahalo ule, baadhi pamoja na vicheko, baadhi vicheko vikiwa vimefutwa. Wasiosikia vicheko walimpa Reagan alama za chini zaidi.

Ndiyo maana nasema mdahalo ufanyike studio, bila watu. Kennedy na Nixon, wagombea urais wa Marekani, walifanya hivyo Chicago mwaka 1960. Biden na Trump wakafanya hivyo Atlanta, Juni 2024, na maiki ya asiye zamu yake ikazimwa.

Mwalimu, Tukuyu

Fundi, nakuheshimu sana, lakini hapo sikubaliani nawe. Ukiwaondoa watu, nani atauliza bei ya majani mabichi ya chai? Mwendesha mdahalo anayetoka Dar atauliza "uchumi". Kwenye mdahalo niliohudhuria, mama mmoja mkulima alisimama, akamtaka kila mgombea aseme kilo moja ya majani kiwandani inanunuliwa kiasi gani wiki ile. Hakuna aliyejua. Swali lile lilitufundisha kuliko hotuba zote za kampeni. Tatizo si kuwepo kwa watu, ni kwamba wanachaguliwa gizani.

Mwandishi wa habari, Iringa

Naungana na mwalimu. Uingereza walipoanza midahalo ya viongozi wa vyama kwenye runinga mwaka 2010, hadhira ilichaguliwa na kampuni ya kura za maoni, na ilizuiwa kupiga makofi katikati ya mjadala. Malalamiko hayakwisha. Mwaka 2015 Nigel Farage, kiongozi wa chama cha UKIP, alilalamika papo hapo jukwaani kwamba ukumbi umeegemea mrengo wa kushoto. Mwendesha mdahalo, David Dimbleby, akamjibu kwamba waliochagua si BBC bali kampuni huru ya kura za maoni. Unaweza kubishana na jibu hilo, lakini jibu lilikuwepo na mtazamaji alilisikia. Huku kwetu ukiuliza unaambiwa "wananchi mbalimbali."

Mdau, Tunduma

Na ukumbi wa namna hiyo unawapa wagombea kisingizio. Huku jimboni tuliambiwa mheshimiwa haji kwa kuwa "ukumbi ni wa wapinzani." Mwaka 1995 Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo walikaa meza moja kwenye mdahalo wa wagombea urais. Mwaka 2015 Magufuli na Lowassa hatukuwaona pamoja hata mara moja. Kenya nako, 2017 Raila alisimama peke yake, na 2022 ikawa zamu ya Ruto kuzungumza na kiti kitupu. Sababu zao zilikuwa tofauti, sawa, lakini mpiga kura anabaki na mtu mmoja anayejijibu.

Mdau, Mafinga

Sisi tulijaribu. Mdahalo wa madiwani, ukumbi wa kanisa, unarekodiwa ili urushwe. Kamati iligawa kadi kwa mitaa, kila chama kikapewa idadi sawa, kadi zilizobaki zikapigiwa kura ya bahati mbele ya watu sokoni. Wafuasi wakachanganywa viti, hakuna kundi kukaa pamoja. Maswali yaliandikwa, yakatiwa kwenye ndoo, mtoto wa shule akayachomoa. Kabla ya swali la kwanza mwendesha mdahalo alisoma utaratibu wote huo kwenye maiki.

Vyama vyote vilinung'unika. Wagombea wote walikuja. Swali la kwanza kutoka kwenye ndoo lilikuwa ushuru wa mbao, na halikumpendelea mtu. Ila kipindi kiliporushwa, kile kipande cha utaratibu kilikuwa kimekatwa, tukaambiwa muda hautoshi. Fundi wa Mbeya, nijibu hapa: nani hasa anaamua kipande gani kikatwe, na sisi wa kamati tumwandikie nani?