Naomba ushauri: vibubu vyangu vimehamia kundi lisilopewa

Habari za jioni wanajamvi. Niko Mwanza, mtafiti wa tabia za watu kwenye mambo ya fedha, shule ya biashara ya chuo kikuu. Napima kama kibubu chenye kufuli, ufunguo ukikaa kwa mtu mwingine, kinamsaidia mama wa dagaa kuvuka siku za mbalamwezi. Mnajua dagaa huvuliwa kwa taa gizani; mwezi ukiwaka mitumbwi inalala na hela inakata. Wazo si langu: Ufilipino, Ashraf, Karlan na Yin (utafiti wao ulitoka 2006) walitoa akaunti za kujifunga (mwenyewe hutoi hela mpaka tarehe au kiasi ulichojiwekea kifike), asilimia 28 ya walioombwa wakakubali.

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba nilichagua kwa bahati nasibu, mama 80, nusu wapewe. Wiki ya tatu nakuta kibubu namba 17, namba niliyoichora mwenyewe kwa rangi nyekundu, kiko juu ya gunia la mama ambaye hakupewa. "Tunatumia na shoga yangu, mwanangu," ananiambia, wala hana habari kwamba kanivuruga. Nimewaomba wasiazimane, wakacheka. Msimamizi anataka niwaondoe hao wanaoazimana kwenye hesabu. Mimi naona ni kujidanganya.

Je, nianze upya nikigawa kwa mwalo mzima (pale mitumbwi inaposhusha samaki) badala ya mtu mmoja mmoja, au mialo itakuwa michache mno? Na akiba mnaiulizaje, ikiwa kila mama anajibu "naweka, mwanangu, naweka" akijua ndicho ninachotaka kusikia?