Naomba ushauri: wamiliki wa zamani wa nyumba yetu Leicester

Habari zenu wakuu. Tumenunua nyumba ya enzi za Malkia Victoria hapa Leicester, Uingereza. Juu ya mlango kuna jiwe limechongwa 1887. Natafuta waliowahi kuimiliki. Sensa za 1891 hadi 1921 nimezipitia: fundi viatu na familia yake, kisha mjane aliyepangisha vyumba. (Ya 1931 iliteketea kwa moto, basi tena.) Tatizo, sensa inataja wakazi tu, na enzi hizo wengi walikuwa wapangaji. Hati ya msajili wa ardhi nayo inaanzia 1994.

Je, daftari za kodi ya majengo au ule uthamini wa ardhi wa 1910 hutaja mwenye nyumba? Na hati za kabla ya usajili nikaziulizie wapi, kwa wakili wa muuzaji au benki?