Nyumbu akiua ng'ombe, mbona hakuna kifuta jasho?

Mchungaji wa Simanjiro:
Simba akiingia bomani usiku, asubuhi afisa anakuja, anapiga picha mzoga, fomu ya kifuta jasho inajazwa, ile hela ya serikali kwa aliyeuliwa mfugo na mnyama mkali. Mimi mwezi wa tatu mwaka jana nimezika mitamba minne, na hakuna hata alama ya jino. Macho yalianza kufunga ukungu mweupe kutoka pembeni, makamasi yakaganda puani, homa ikapanda. Wiki moja, wote chini. Bwana mifugo alitazama macho tu akasema, "Nyumbu huyo." Fomu? Haipo, maana nyumbu si mnyama mkali.

Kwa wasioujua ugonjwa huu: nyumbu anabeba kirusi wala haumwi. Ndama wake wa miezi mitatu ya mwanzo ndiye anayekimwaga majanini kwa makamasi na machozi. Ng'ombe akikipata na kuugua, ni nadra apone. Nyumbu wa hifadhi ya Tarangire wanakuja kuzaa kwenye mbuga zetu wakati majani ndiyo kwanza matamu, nasi tunawapisha, tunasukuma mifugo vichakani kwenye kupe. Huko ndigana, homa ya kupe, inatungoja. Ugonjwa huu uingie kwenye kifuta jasho, basi.

Baba Neema:
Pole mkuu, ila hapana. Jino linaonekana, kirusi hakionekani. Ukianza kulipia homa, kesho kila ndigana itabatizwa nyumbu. Halafu mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na waliotuhumiwa ni mbwa wa vijijini. Mbona hakuna mfugaji aliyetumiwa bili?

Mjukuu wa Mchunga Ndama:
Bili ya mbwa mnaikumbuka, ya sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, mmeisahau? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Ng'ombe wa pembezoni wakachanjwa, sotoka ikakatika porini, na kufikia 1977 nyumbu walishapita milioni 1. Nyumbu hao wanaopigwa picha na watalii wametokana na sindano walizochomwa ng'ombe wa babu zetu.

Baba Neema:
Na sotoka yenyewe ililetwa na nani? Ng'ombe. Ilifagia nyati na nyumbu tangu miaka ya 1890 hadi huko.

Mchungaji wa Simanjiro:
Kweli, hilo sibishi. Hoja yako ya jino nayo imenikaa. Maabara iko mbali, na mzoga hausubiri. Basi tuache mizoga. Tulipwe malisho. Kijiji kinachozuia mifugo isiingie mbugani kwa miezi ile ili nyumbu wazae kilipwe kwa eneo, hata asipokufa ng'ombe mmoja. Hapo hakuna wa kudanganya homa, na kila mtu anaona mbuga kama iko wazi au imelimwa.

Mama Saitoti:
Afadhali hilo. Ila semeni mapema: hela inaingia akaunti ya kijiji, au inamfikia mwenye ng'ombe? Maana anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe waliokondea vichakani ni mimi, na kwenye mkutano wa kijiji sijawahi kusikia hesabu ikisomwa hadi mwisho.