Simu za ofisi, Malindi na Wete: kipaumbele kimewekwa, sauti bado inakatika

Mtunza mtandao, Malindi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninasimamia mtandao wa ofisi ya wakala wa safari iliyopo Malindi, Unguja, yenye tawi dogo Wete, Pemba. Simu zetu zote za mezani hupita kwenye intaneti, na aghalabu hazizidi sita zinazotumika kwa wakati mmoja. Laini ina megabiti 20 kwa sekunde za kupakua na 4 za kupakia. Ifikapo saa nane mchana, wenzetu wanapoanza kupakia picha za wageni, mtu wa Wete hutusikia kama tunaozungumza ndani ya mtungi, na maneno nusu yanapotea. Nimetia alama ya DSCP 46, yaani alama ya kuomba kutangulizwa, kwenye pakiti za sauti (vile vipande vidogo vya data) na kuzipa kipaumbele namba 1, cha juu kabisa, katika ruta ya MikroTik, lakini sioni tofauti yoyote. Nimekosea wapi?

Fundi, Chake Chake

Wa alaykumu salaam. Kabla ya kubadilisha chochote, tuma pingi, ule ujumbe mfupi wa kupima muda wa kwenda na kurudi, kwenda nje wakati picha zinapakiwa. Jibu likipanda kutoka milisekunde 40 hadi mamia kadhaa, fahamu kwamba foleni inajipanga ndani ya modemu, kifaa kinachoiunganisha ruta na laini, wala si ndani ya ruta yako, na modemu haijui habari za alama zako. Ni sawa na kumtanguliza mgonjwa mlangoni kwenu, ilhali foleni yenyewe ipo kwenye lango la bandari.

Dawa yake ni kuihamisha foleni ije kwako. Weka kikomo cha kupakia kwenye foleni mama, chini kidogo ya kasi halisi ya laini, tuseme megabiti 3.6, kisha foleni ya sauti na ya data ziwe chini yake. Foleni mama isipokuwa na kikomo, vipaumbele vya MikroTik havifanyi kazi hata uandike namba gani.

Ama kiasi cha kuitengea sauti, kodeki ya G.711, yaani njia mojawapo ya kugeuza sauti kuwa data, hutuma kwa kawaida pakiti 50 kila sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelezo ya safari, kwa hiyo kilobiti 64 za sauti huwa 80, na hufika kama 87 zikipita kwenye Ethaneti, mtandao wa waya wa ofisini. Simu sita zinahitaji takriban kilobiti 525. Mimi ningetenga 600. Wako watakaokushauri uhamie G.729 ili ubane matumizi, nami sioni haja, kwa kuwa kinachokusumbua ni kuchelewa kwa pakiti na nafasi unayo. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, inapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja.

Mchangiaji, Jambiani

Naongeza jambo moja lililonila siku mbili. Tazama kama ile kanuni ya FastTrack, njia ya mkato ya MikroTik ya kuharakisha pakiti, ipo kwenye ukuta wa moto (firewall) wa ruta, kwani miunganisho inayopita humo huziruka foleni zilizofungwa kwenye «global», yaani zinazohusu ruta nzima. Vihesabu vya foleni vikibaki sifuri wakati watu wanazungumza, usitafute mchawi kwengine.

Mtunza mtandao, Malindi

Nawashukuru nyote. FastTrack ilikuwepo kweli, na foleni mama haikuwa na kikomo. Baada ya kurekebisha yote mawili, pingi iliyokuwa ikifika 640 wakati wa kupakia sasa haizidi 60, na picha zimechelewa kidogo tu. Wete wanatusikia vizuri. Sisi ndio bado tunawasikia kwa kukatika.

Fundi, Chake Chake

Hilo ni la upande wao. Sauti inayotoka Wete hubanwa kwenye laini ya Wete, kwa hiyo ruta ya kule nayo iwekewe kikomo chake. Kama ofisi mbili zimeunganishwa kwa VPN, njia ya faragha inayoitia kila pakiti ndani ya pakiti nyingine kama barua ndani ya bahasha, hakikisha pia alama inanakiliwa kwenye bahasha ya nje, au uitie alama pakiti ya nje wewe mwenyewe; iliyofichwa ndani ya bahasha, foleni haiwezi kuisoma.

Mtunza mtandao, Malindi

Nimekuelewa, Maalim. Kikomo cha kule nitakiweka nikivuka wiki ijayo, maana sithubutu kuigusa ruta ya Wete nikiwa Unguja: nikikosea, hata simu ya kuwaomba waizime na kuiwasha haitapita.