Tupeane uzoefu: Kabla hamjafungua biashara pamoja, mlishawahi kusafiri pamoja?

Binti Kyotera

Habari zenu wadau, hasa tulioko Kampala na miji ya jirani. Huku mwisho wa wiki haupiti bila kundi fulani kuchangishana: mara Jinja, mara Sipi, mara Bunyonyi, mara visiwa vya Ssese. Tunarudi na picha, Jumatatu kila mtu kazini kwake, yamekwisha. Mimi naona tunaacha kitu cha maana barabarani. Ukitaka kujua kama fulani anafaa kushika pesa za biashara, usimuulize mipango yake. Kila mtu ana mipango mizuri. Mpe michango ya costa, lile basi dogo la kukodi, aishike mpaka siku ya kuondoka.

Nianze na changu. Mbia wangu wa duka la vipodozi nilimjua kwenye safari ya Kalangala, huko visiwa vya Ssese. Ile feri ya Nakiwogo, Entebbe, ikishang'oa ndiyo imekwenda, mpaka kesho. Tukafika pale maji yametulia, feri haipo. Watu wakaanza kutafuta mchawi: nani alichelewa kutoka Ntinda, nani alisimamisha gari anunue rolex, ile chapati ya mayai. Dada mmoja hakuwemo kwenye ule ugomvi, alikuwa pembeni na dereva. Akarudi akasema: "Jamani, tuzunguke kwa Masaka. Feri ya Bukakata inavuka mara nyingi kwa siku na haina nauli. Dereva anataka nyongeza ya mafuta, nimeshapatana naye. Kila mtu elfu ishirini, asiye nayo aseme nimwandike." Jioni tukavuka hadi Luku, na kutoka hapo ni kisiwa kilekile, barabara tu mpaka Kalangala mjini.

Tazameni alivyofanya. Alijua njia ya pili. Alipatana bei kwanza ndipo akawaambia watu, hakuja na "mnaonaje?" kwa kundi lenye njaa. Na aliandika wadaiwa. Wiki iliyofuata aliwafuata wote, akalipwa, na hakugombana na hata mmoja. Huyo ndiye nilimtafuta mimi mwenyewe nikamwambia tufanye kazi.

Haya, leteni visa vyenu. Majina ya watu na kampuni tusiyataje.

Dereva wa Kigezi

Dada, umegusa penyewe. Mimi niliendesha wageni wa watu wengine miaka mingi kabla sijaanza kupeleka makundi yangu msitu wa Bwindi, na somo kubwa nililopata ni la viti vitupu.

Kwa wasiojua: kuwaona gorila, familia moja inatembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, na mnakaa nao saa moja basi. Kibali cha mgeni wa kutoka nje ni dola 800. Kinalipwa kabla na kina jina la mtu, si tiketi ya mpira ya kumpa shemeji dakika ya mwisho. Sasa chukua gari, mafuta, malazi ya dereva na chakula chake. Hayo hayapungui hata senti mtu mmoja akighairi. Kijana anayeanza anapata majina saba, anagawa gharama kwa saba, anatangaza bei ya chini ili apendwe. Siku ya safari wanakuja watano. Viti viwili analipa nani? Yeye.

Mimi nikiwa na majina saba napiga bei ya watu watano. Wakija wote saba, hivyo viwili ndiyo faida yangu. Watu huniambia bei yangu iko juu kidogo. Iko juu, ndiyo, lakini sijawahi kuwapigia wateja simu nikiwa njiani kuwaomba waongeze. Nimekuja kuona biashara nyingi za vijana, hata zisizo za safari, zinakufa kwa hesabu hiyohiyo: anapanga matumizi kwa wateja alioahidiwa.

La pili ni masharti. Chini ya miaka 15 haruhusiwi kwa gorila. Mama mmoja alikuja na mtoto wa miaka 13, akaninong'oneza, "Kaka, huyu ni mrefu, hawatajua." Nikatoa karatasi yake mwenyewe yenye sahihi yake, umri umeandikwa pale. Hakusema neno. Mtoto akabaki lojini na baba yake, na hela yangu hakuna aliyeidai. Karatasi hiyo naitoa kabla ya kupokea hata shilingi. Ukishapokea pesa ndipo uanze kueleza masharti, mteja anaona unamtapeli.

Mzee Kisenyi

Naomba nipingane kidogo. Safari inadanganya. Marehemu kaka yangu alikuwa na rafiki, hakuna safari iliyonoga bila yeye. Mkifika Lukaya ananunulia gari zima kuku wa kuchoma, anaimba, anambeba mtoto wa mtu. Kaka akamtia kwenye biashara ya spea. Haukupita muda, nusu ya madereva wa Kampala walikuwa wamekopeshwa, kwa sababu jamaa hawezi kumwambia mtu hapana. Na palikuwa na mwingine ambaye tukisafiri tunamcheka, anadai chenji ya mia tano kwa kondakta mpaka abiria wanaguna. Huyo ndiye leo ninamwachia funguo za duka nikienda kwetu.

Binti Kyotera

Shikamoo mzee. Basi mbona tunakubaliana? Safari iliwaonyesha wote wawili walivyo. Ila kaka yako alikuwa anatazama kuku.

Mzee Kisenyi

Marahaba. Kuku wa Lukaya anapofusha, binti yangu.

Mama Kikuubo

Nyie mnazungumzia safari za starehe. Njooni kwetu tunaosafiri na mzigo.

Tuko akina mama kadhaa, tunanunua hapa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, na kupeleka Bukoba, tunakodi fuso moja kwa pamoja. Kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna ile hati ya asili iliyorahisishwa, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, inamfaa sana mfanyabiashara mdogo. Kwa hiyo kila mama na mzigo wake na karatasi zake, gari tu ndilo la wote.

Siku moja tumefika mpakani Mutukula, mzigo ukakaguliwa, katikati ya marobota ya mwenzetu mmoja ikatoka mifuko ya plastiki. Ile buveera ya kubebea bidhaa, mnaijua. Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kila anayevuka pale anajua. Yeye aliona ataificha, faida yake binafsi. Fuso likazuiwa lote. Sisi wengine hatuna kosa, lakini bidhaa zetu ziko chini ya zake, hatuwezi kuzitoa. Tulilala pale, mwenye sabuni na mwenye mabeseni wote sawa, na dereva akatudai siku ya ziada.

Hatukumfukuza, maana ana watoto na alilipa ile siku ya dereva. Lakini tangu hapo mzigo wa kila mtu unafunguliwa hapahapa Kikuubo mbele ya wote kabla haujapanda gari. Ukikataa kufungua, tafuta gari lako. Na watatu kati yetu tulipokuja kukodi stoo moja, tukaipeleka sheria hiyo stoo vilevile: boksi haliingii mwenzako hajaona ndani. Wanaume zetu wanasema tunashukuana. Waache waseme.

Mtembea kwa Mguu

Changu kifupi. Mwezi wa sita huwa natembea na kundi la parokia kwenda kuhiji Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3. Kila mwaka njiani nilikuwa naona watu wanauziana maji, rozari, ndizi. Wauzaji tele, bei moja. Lakini usiku tukifika pa kulala, ugomvi ulikuwa wa soketi. Watu mia, soketi mbili. Nikaja na betri za kuchajia za kukodisha, unaacha kitambulisho unachukua. Nisingeliona hilo nikiwa nimekaa ofisini, na nisingeliona pia kama ningekwenda kwa gari. Sasa nakodisha kwenye mazishi na harusi za vijijini, kazi ni ileile.

Wa Busia

Mimi nasema moja tu. Tukija soko la Owino, Kampala, kununua mitumba tukiwa wengi, tukiongea wote Kiswahili cha Kenya kwa pamoja, bei inapanda papo hapo. Siku hizi anaingia mmoja anayejua Kiganda, wengine tunakunywa chai nje. Kwenye biashara yetu pia kuongea na wauzaji ni kazi ya mtu mmoja. Wawili wakipatana na muuzaji mmoja kwa siku tofauti, muuzaji anachagua bei anayoipenda.

Mgeni Kabalagala

Asanteni sana wakubwa. Sisi tuko watatu, tunataka kufungua mgahawa mdogo, pilau na urojo, huku Kabalagala. Kabla ya kwenda kusajili jina tumeamua twende Jinja kwanza na marafiki. Swali: pesa za michango zikae wapi? Zikae kwenye simu ya mmoja wetu?

Mama Kikuubo

Mwanangu, zikae kwenye laini mpya ya michango tu. Mmoja ashike simu, mwingine ashike namba ya siri. Vikundi vya akiba vijijini vinafanya hivyo na kisanduku: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Na mpige hesabu ya makato tangu siku ya kwanza. Ukitoa pesa kwenye simu serikali inachukua asilimia 0.5, mbali na ada ya mtandao wenyewe. Mkichanga milioni mbili, elfu kumi imeondoka kabla hamjagusa kitu. Mkifungua mgahawa makato hayo yatakuwa ya kila siku, kwa hiyo yazoeeni sasa.

Dereva wa Kigezi

Na mgawane kazi kwa zamu. Kwenda, mmoja ashike pesa, mwingine chakula, mwingine muda. Kurudi, mbadilishane. Mtajua nani aende jikoni na nani akae kaunta.

Mgeni Kabalagala

Tutafanya hivyo. Ila mmoja wetu ameshaanza: anasema hachangi mpaka aone gari limesimama mbele yake. Wenzangu wanataka tumwache.

Mzee Kisenyi

Msimtupe haraka. Muulizeni aliliwa wapi.

Mgeni Kabalagala

Nimemuuliza, mzee. Kumbe alichanga safari ya Mombasa, wakasubiri stendi tangu alfajiri, gari halikutokea na simu ya mpangaji ikazimwa. Tumekubaliana alipe nusu sasa, nusu akishakaa kwenye kiti, na namba ya siri ashike yeye.