Miaka 61: gitaa, mashini ya kushona au malakiti?

Muzee wa Katuba
Jambo kwenu. Nimeingia pensheni mwaka jana, na sasa mke wangu anasema nikiendelea kukaa uani kuhesabu kuku ataniuza pamoja nao. Nataka kujifunza kitu cha mikono. Nimebakiza vitatu: gitaa (hamu ya tangu utoto, baba alikataa), kushona (mashini ya miguu ya marehemu dada yangu ipo chumbani inakula vumbi), na kuchonga malakiti, lile jiwe la kijani, maana jirani anachonga na amekubali kunifundisha. Nina saa moja kwa siku, pesa kidogo. Mujue jambo moja: mkono wa kushoto, kidole cha pete na cha mwisho vilikatika nusu, kazini, 1994. Nyinyi mungechagua kipi?

Mama Kitenge
Papa, shona! Mimi nilianza na miaka 52. Siku ya kwanza usitie uzi kabisa. Chukua karatasi ya daftari yenye mistari, upitishe sindano juu ya mstari. Matundu yatakuonyesha ulipopinda. Kazi iko kwenye miguu. Ukikanyaga vibaya gurudumu linarudi nyuma, uzi unajisokota chini ya kitambaa na kukatika. Basi lianzishe kwa mkono wa kuume, sehemu ya juu ije upande wako, ndipo miguu ifuate. Nilimaliza daftari zima la hesabu la mjukuu kwa mazoezi hayo (halikuwa limeisha, niligombezwa na mtoto wa miaka tisa). Wiki ya tatu nilikuwa na foronya mbili. Na umeme ukikatika, wewe unaendelea tu. Gitaa itakupa nini wiki ya tatu? Kelele.

Mwana Kamalondo
Mama, kelele za gitaa ni muziki ambao haujafika bado 😄

Yaya Ruashi
Malakiti achana nayo. Si kwa ugumu, ni jiwe laini, hata kisu cha chuma kinalikwaruza. Shida ni unga. Ule ukijani ni shaba, na mapafu hayataki shaba. Wanaojua kazi wanasaga jiwe likiwa limelowa maji, pua imefungwa. Mdogo wangu alisagia makavu nyuma ya nyumba hadi kikohozi kikawa cha kudumu. Tazama kwanza jirani yako anafanyaje.

Fundi Nyuzi
Salamu Papa. Naona wote wameuruka mkono wako, na mimi ningeanzia hapo.

Kwenye mashini, mkono wa kushoto unaongoza kitambaa tu, vidole vifupi havikuzuii. Mama Kitenge ana haki. Kwenye gitaa ndiyo kuna neno, kwa sababu mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi shingoni, na kile cha pete kinabeba kazi nyingi. Wengine watakutajia Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, aliyeungua mkono 1928 akarudi kupiga kwa vidole viwili. Kweli, lakini yule alikuwa mpigaji tayari kabla ya moto.

Wewe geuza gitaa. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa hapa kwetu Katanga, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952 Jadotville, yaani Likasi ya leo, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada peke yake. Gumba linatembea na besi, yaani nyuzi nene, shahada inaimba. Vidole hivyo viwili unavyo vizima kushoto! Basi kushoto ipige, kuume ibane. Mtu aliyepiga miaka kumi hawezi kugeuza hivyo, lakini wewe mikono yako yote miwili bado ni mijinga sawasawa, hupotezi kitu.

Ila usiipindue gitaa ukaacha nyuzi zilivyo. Zitolewe zote, ile nene ibaki juu upande wako. Na kile kijiti cha mfupa pale shingo inapokutana na kichwa kina mifereji, mipana kwa nyuzi nene, myembamba kwa nyembamba. Usipokibadilisha, uzi mwembamba utachezacheza ndani ya mfereji mpana na kulia zzzz. Nunua nyuzi za nailoni, za chuma zitakuumiza bure. Ncha za vidole zitauma wiki kadhaa, kisha ngozi inakomaa. Na ile saa moja igawe: robo asubuhi, robo jioni, nyingine uwape kuku.

Mama Kitenge
Kwa mashini hageuzi kitu. Nasema tu.

Yaya Ruashi
Mama, lakini yeye ameandika neno "hamu" kwenye gitaa peke yake.

Muzee wa Katuba
Aksanti sana. Jana niliazima gitaa ya kijana wa korali, nikaipindua bila kugusa nyuzi, kama Fundi alivyonikataza. Gumba lilitafuta besi juu, besi iko chini kabisa. Nilicheka peke yangu. Lakini mkono wa kuume ulibana nyuzi mbili na sauti ikatoka safi, mara moja tu, kabla sijarudia nikaipoteza.

Jirani wa malakiti (anatumia maji, Yaya, nimetazama) atanichongea kile kijiti kwa mfupa wa ng'ombe. Na Mama Kitenge, mashini imefutwa vumbi. Mke wangu alisoma maneno yako kwenye simu yangu, leo asubuhi ameniuliza madaftari ya zamani ya watoto yako wapi.