Kidude cha laini kinatuma meseji nikiwa mjini, porini kinazima. Nibadili bodi?

mtu_wa_kusini: Wakuu habari za jioni. Bro wangu anapakia samaki kwenye maboksi ya barafu Kilwa Masoko, mzigo unapanda basi kuja Feri (soko la samaki Dar) yeye anabaki kule, sasa nikamtengenezea kidude cha kupima baridi ndani ya boksi, kila nusu saa kinamtumia meseji ajue barafu bado ipo au imeshakuwa supu. Ni Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu), sensa ya joto DS18B20 na SIM800L (moduli ya laini inayotuma meseji), umeme wa pawabenki napitisha kwenye LM2596 (kishusha volti) nimeiseti volti 4. Hapa Mbagala kimetuma wiki nzima bila shida. Juzi nikapanda nacho basi mwenyewe, Masoko kikatuma, tulivyopita Nangurukuru kimya mpaka Ikwiriri, taa ya SIM800L inawaka kidogo inazima inaanza upya. Laini ina salio. Nimeona kuna bodi za ESP32 zenye sehemu ya laini humohumo, ninunue au?

solda_baridi: Mkuu kabla hujatoa hela, kwenye skrini hukuona maneno UNDER-VOLTAGE WARNNING? (N mbili, ndivyo inavyoandika yenyewe.)

mtu_wa_kusini: Nimeyaona mkuu, nilijua ni makosa ya kodi yangu 😂

solda_baridi: Basi ni njaa ya umeme. SIM800L inataka volti 3.4 mpaka 4.4, na inapotuma inachota kwa mikupuo mifupi sana inayoweza kufika ampea 2. Mnara ukiwa karibu inaongea kwa sauti ndogo kwa hiyo inachota kidogo, ndo maana Mbagala hukuona shida. Porini mnara uko mbali inabidi ipige kelele, na hapo LM2596 yako inakuangusha maana yenyewe inakula volti moja na ushee, ukiingiza 5 huwezi kupata 4 iliyosimama wakati mzigo ni mkubwa. Mita yako ilikuonyesha 4 kwa sababu ulipima kidude kimetulia. Toa hiyo kitu, weka betri moja ya 18650 moja kwa moja kwenye SIM800L, kapasita ya maikrofaradi 1000 karibu kabisa na miguu yake, waya nene fupi, na GND (upande wa hasi) ya Uno na ya betri ziungane. Halafu waya wa TX (wa kutuma data) wa Uno usiuchomeke mzimamzima, Uno inatoa volti 5 na ile moduli ni ya 2.8, weka rizista mbili za kugawa volti.

binti_wa_saketi: Yote sawa ila mi ningenunua bodi tu, hayo mawaya kwenye basi la Kilwa na yale matuta yataachia siku ya pili. Natumia LILYGO ya ESP32 yenye moduli ya laini A7670E, kishikio cha 18650 kiko nyuma ya bodi, inashika 4G na ikikosa inarudi 2G. Angalia tu herufi ya mwisho, E ndo ina masafa ya huku, ukiletewa ya SA hiyo ni ya Amerika Kusini utakuja kulia hapa.

solda_baridi: Dada kwa meseji yenye namba mbili kweli 4G ya nini? Akitaka ramani na intaneti sawa.

binti_wa_saketi: Siku 2G wakiizima utaniambia.

mtu_wa_kusini: Mrejesho wakuu. Nimeweka 18650 na kapasita, SIM800L imetulia, AT+CREG? inajibu 0,1 (yaani imeshika mtandao) kila nikiuliza. Ila sasa Uno ndo inazima! Baada ya muda mfupi tu pawabenki inajikata.

kibatari: Hahaha pawabenki inadhani simu imejaa. Zamani moduli ilikuwa inavuta umeme wa kuiweka macho, sasa Uno peke yake haifiki. Achana na Uno, chukua Pro Mini (Arduino ndogo zaidi) ya volti 3.3, inakula kwenye hiyohiyo 18650 kupitia mguu wa RAW (wa kuingizia umeme) na pawabenki inabaki kuchajia simu. Safari ni masaa sita hivi, betri moja inatosha kabisa, mambo ya kuilaza usingizi usijisumbue nayo. Na saketi yote iweke nje ya boksi, ndani uingize ile sensa ya waya tu. Unyevu wa barafu utakulia solda, na kama boksi lina foili antena haitaona mnara.

mtu_wa_kusini: Saketi ilikuwa ndani mkuu 🙈 nimeifunga kwenye nailoni ya mkate. Pro Mini naifuata Kariakoo kesho, mzigo unaofuata ni Alhamisi.

binti_wa_saketi: Na uiseti itume pale joto likipanda tu, bro atachoka kusoma meseji usiku kucha.

mtu_wa_kusini: Hapana dada, asipopata meseji ndo hapati usingizi kabisa, anaanza kumpigia kondakta.